Ukitaka kutazama muvi ya kitabu kilichokufukuzisha shule

Wiki mbili zilizopita msomaji wangu mmoja wa Kasarani aliniandikia. Amezikumbuka riwaya za Sidney Sheldon alizokuwa akizisoma chini ya blanketi kidato cha pili, amesikia nyingi zilitengenezewa filamu za televisheni, sasa anauliza: "Dada, nizitazame ama nibaki na utamu wangu wa zamani?" Nilicheka peke yangu kwenye matatu hadi mama wa kando akauvuta mkoba wake karibu. Mimi nimetoka kuzitazama juzi tu, na sina hakika nimepona.

Tuanze na kitabu. Mwaka ni 1993, shule ya bweni ya wasichana ambayo sitaitaja, na kitabu ni Master of the Game cha Sidney Sheldon. Mliosoma enzi hizo hamhitaji maelezo. Chetu kilikatwa kwa wembe vipande vitatu ili wasichana watatu wasome kwa pamoja wakati wa prepu, kila kipande kimevishwa kaki na kuandikwa "Baiolojia". Nilianza na kipande cha tatu, cha wale pacha Eve na Alexandra, nikarudi cha pili. Cha kwanza sikukipata wala sikukililia, maana walionitangulia walisema hakina kitu, ni wanaume wawili na mchanga. Kurasa tamu zilijulikana kwa uchafu wa vidole.

Nilishikwa siku ya Alhamisi, nikiwa mahali ambapo Eve, mtoto mdogo kabisa, anamchoma pacha wake kwa mishumaa ya keki. Ukurasa safi! Lakini naibu wa mwalimu mkuu alikipokea kile kipande, akakifungua moja kwa moja palipochafuka (alijuaje?), akanisimamisha gwarideni nisome kwa sauti. Nilisoma mistari minne. Wa tano ulinishinda, nikaangua kilio. Mwenye kitabu, aliyekitoa kwa shangazi yake bila ruhusa, alikuwa safu ya tatu akitazama viatu vyake. Neno moja tu, "ni changu", lingetosha tugawane adhabu. Hakulisema. Nilipewa wiki mbili nyumbani, na mama akanipokea Machakos Airport, ile stendi ya mabasi ya Nairobi, bila hata kuniuliza kama nimekula. Huyo rafiki leo ana duka la vitambaa Eastleigh na tunasalimiana vizuri. Nasema tu.

Kumbe muvi ilikuwepo siku zote hizo! Televisheni ya CBS ya Marekani iliitoa mwaka 1984, miaka miwili tu baada ya kitabu. Kijana wa muvi hapa kwetu Umoja, aliyezoea kuniwekea za Nigeria na Korea, aliitafuta siku tatu akaniwekea kwenye flashi kwa shilingi 100. Nikaita wenzangu wawili wa bweni lile, nikapika pilau, nikamtuma mzee akatazame mpira kwa jirani. Binti yangu wa miaka 17 nilitaka naye atoke, lakini akajifanya soketi nzuri ya kuchajia simu iko sebuleni peke yake.

Jamani. Dyan Cannon anamwigiza Kate Blackwell, nyanya ya wale pacha, tangu ujana hadi bibi wa miaka 90, na ule uzee waliompaka usoni ni kama uji uliokaukia sufuriani. Kila mtu anaongea kana kwamba jirani anasikiliza ukutani. Na zile kurasa za vidole? Televisheni ya mwaka ule ingethubutu wapi! Watu wanabusiana, kufumba na kufumbua kumekucha. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga kachumbari. Binti yangu akainua macho kwenye simu: "Mama, hii ndiyo ilikufukuzisha shule? Hata ile tamthilia ya Maria ya Citizen ilikuwa na mambo kuliko hii."

Nilicheka nao. Usiku sikulala. Miaka zaidi ya 30 nimebeba aibu ya kitabu cha hatari, na kumbe hatari yenyewe imevaa wigi.

Kwa hivyo ushauri wangu kwako, dada wa Kasarani: soma kitabu kwanza. Kizima. Nilinunua nakala yangu kwa wale wa inama, wauza vitabu wa kutandaza chini, kando ya Tom Mboya Street, shilingi 150, na kwa mara ya kwanza maishani nikasoma kile kipande "kisicho na kitu". Jamie McGregor, babake Kate, Mskoti aliyetapeliwa na tajiri Van der Merwe, anakwenda kuiba almasi kwenye ufuo wa jangwa la Namib, penye mabomu ya ardhini na mbwa wa walinzi. Anayeujua ule ufuo ni Banda, Mwafrika aliyewahi kufanya kazi huko. Bila Banda hakuna almasi, hakuna kampuni, hakuna Kate wala wajukuu wake pacha. Wasichana wa Kiafrika bweni zima, na tulimruka Banda tukikimbilia vitanda vya New York! Hilo limeniuma kuliko gwaride.

Usiilaumu sana televisheni lakini. Sheldon mwenyewe alikuwa mtu wa huko. Alipata Oscar kwa filamu ya 1947, akabuni I Dream of Jeannie, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1970 tu. Ukisoma ukiwa mtu mzima utaona kila sura inakatika palepale ambapo tangazo la sabuni lingeingia. Nimetazama pia muvi za vitabu vyake vingine, Rage of Angels ya 1983, aliyoigiza Jaclyn Smith, na If Tomorrow Comes ya 1986. Hadithi ni ileile: soma kitabu kwanza, la sivyo utacheka usichokijua.

Na usitazame peke yako. Aibu ya zamani ukiitazama peke yako inakuwa msiba.

Nanyi wazazi wenzangu, mnaopekua mikoba ya watoto na kushika riwaya kwa vidole viwili kama panya mfu, niwaulize: mmezisoma? Mtoto anayesoma kurasa 400 kwa wiki, hata kama ni za upuuzi, msimsimamishe mbele za watu. Muulizeni amefika wapi. Mimi ningeulizwa hivyo tu mwaka ule, pengine ningemjua Banda mapema.

Nyumbani nimeweka sheria: nikimaliza ndipo binti yangu achukue. Alama yangu ni risiti ya stima, na Jumapili niliiacha ukurasa wa 140, Jamie angali hai. Jana usiku nimeikuta kwa wale pacha, na pembeni kuna kidole cha mafuta ya chipsi.