Mbona Tekken hii ni nzito? Maswali yenu kuhusu mashine ndogo za gemu za zamani

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia picha. Majibu yetu, mtaona, yanarudi kila mara kwenye wakati: kasi, mpigo na kuchelewa. Kutoa picha safi ya gemu ya mwaka 1990 hakumshindi mtu siku hizi. Kuifanya iende kwa mwendo wake wa asili ndiko kunakowashinda watengenezaji wengi, na hapo ndipo pesa ya mnunuzi inapopotelea.

Habari zenu wataalamu. Nina kibanda cha gemu hapa Arua. Nimenunua PlayStation Classic iliyotumika. Vijana waliokulia kwenye PlayStation ya kwanza wanasema Tekken 3 ya humu ni nzito, kama watu wanapigana kwenye matope. Aliyeniuzia anasema kosa ni la TV yangu. Nani mkweli? (Msomaji, Arua)

Vijana wako ndio wakweli. PlayStation Classic, mashine ndogo ya Sony yenye gemu za PlayStation ya kwanza, ilitoka Desemba 2018 ikiwa na gemu 20. Katika zile zilizouzwa nje ya Japani, tisa kati ya hizo ni matoleo ya Ulaya ya hezi 50, yaani picha 50 kwa sekunde: Battle Arena Toshinden, Cool Boarders 2, Destruction Derby, Grand Theft Auto, Jumping Flash!, Oddworld: Abe's Oddysee, Resident Evil, Tekken 3 na Wild Arms. Zilizobaki 11 ni za hezi 60.

TV za Ulaya zamani, na za kwetu Uganda pia, zilifuata mfumo wa PAL wenye picha 50 kwa sekunde. Marekani na Japani walitumia 60. Mashine yako inatoa picha 60 kwa sekunde kupitia waya wa HDMI, hata gemu inapotengeneza 50 tu. Ili kuziba pengo, kila picha ya tano inaonyeshwa mara mbili, yaani mara 10 kila sekunde mwendo unakwama kidogo. Mtu asiyeijua gemu hataona. Aliyeshinda nayo utotoni ataona kabla raundi ya kwanza haijaisha. Juu ya hapo, gemu ya hezi 60 ambayo haikurekebishwa vizuri ilipopelekwa Ulaya hupungua kasi kwa karibu asilimia 17.

Emuleta yenyewe, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, inaitwa PCSX ReARMed na si mbaya. Ni programu huria inayotumika hata kwenye mashine nyingine nyingi. Kosa ni la waliochagua matoleo. Ipo menyu iliyofichwa: ukichomeka kibodi ya USB kwenye tundu la padi na kubonyeza Esc, baadhi ya kibodi huifungua na nyingine hazifanyi lolote. Humo unaweza kulazimisha hezi 60, lakini gemu iliyopangwa kwa 50 inaweza kukimbia kupita kiasi au sauti ikaachana na picha. Jaribu gemu mojamoja, na usiache kibodi mezani wateja wakiwapo. Kwa mashindano ya kibandani tungeweka Ridge Racer Type 4 na Super Puzzle Fighter II Turbo, ambazo zote ni za hezi 60. Wanaotaka Tekken 3 ya kweli watafutie PlayStation yenyewe na diski yake, zote za Marekani, na hakikisha kwanza kwamba TV yako inapokea rangi za NTSC, mfumo wa TV za Marekani na Japani.

Nimewanunulia watoto kiboksi cha gemu mia sita na zaidi, cha waya nyekundu, nyeupe na njano. Mario anacheza, ila muziki unanisumbua. Si ule ninaoukumbuka. Je, kuna njia ya kupima bila kuwa fundi? (Baba wa watatu, Jinja)

Ipo, tena inahitaji simu tu. Fungua Super Mario Bros., ingia hatua ya 1-1, usimame palepale unapoanzia. Saa ya gemu iliyo juu kulia inaanza 400. Haihesabu sekunde: inapungua moja kila baada ya fremu (picha) 24. Washa saa ya kupimia ya simu ikifika 380, izime ikifika 280. Kwenye mwendo wa asili wa hezi 60 utapata sekunde 40. Ukipata 48, kiboksi chako kinaiendesha gemu ile ile kwa hezi 50, na muziki nao umevutika kwa kiasi hicho hicho. Rudia mara mbili kidole kisikudanganye. Ukipata namba ya ajabu kabisa, huenda gemu iliyomo imechezewa. Pima kwa nakala nyingine iliyo kwenye orodha.

Kama umepata 40 na bado sikio linakataa, kosa liko kwenye chipu. Viboksi hivi kwa kawaida havina emuleta. Vina chipu moja inayonakili mashine nzima ya Nintendo, iliyofunikwa kwa tone la plastiki nyeusi. Mashine ya asili ilikuwa na njia tano za sauti. Mbili kati yake hutoa mawimbi ya mraba yenye maumbo manne, ya asilimia 12.5, 25, 50 na 75. Chipu nyingi za kunakili zimebadilishana umbo la 25 na la 50. Noti ni zile zile na mpigo ni ule ule, ila sauti iliyopaswa kuwa ya mviringo inatoka ya puani, na ya puani inatoka ya mviringo. Hicho ndicho sikio lako linakikataa, na lina haki. Hakuna fundi wa kukirekebisha kwa kuwa kosa limo ndani ya chipu.

Dokezo kwa wenye TV za chogo: picha ikija nyeusi na nyeupe, ingia kwenye menyu ya TV, sehemu ya mfumo wa rangi, uweke AUTO au NTSC kabla hujarudisha kiboksi dukani.

SNES Classic tuliyoletewa na shangazi yao inazubaa maadui wakiwa wengi kwenye skrini. Je, imeharibika? (Mama, Ntinda, Kampala)

Haijaharibika, mama. SNES Classic ni Super Nintendo iliyorudishwa kwa umbo dogo. Inafanya kazi yake sawasawa. Prosesa ya Super Nintendo ya mwaka 1990 haikuzidi megahezi 3.58, na gemu kama Super Ghouls 'n Ghosts ilikuwa ikizidiwa vivyo hivyo kwenye mashine ya asili. Emuleta ya humo inaitwa canoe, na iliandikwa na kikosi cha Nintendo kilichoko Paris. Inahifadhi kuzubaa huko kwa makusudi, kwani wachezaji walijifunza kuruka kwa kutegemea kuzubaa huko.

Mfano huo huo uko kwenye NES Classic, mashine ndogo ya gemu za Nintendo ya kwanza, ambako maadui hupepesa wakipangana mstari mmoja. Mashine ya asili iliweza kuchora vipande nane tu vya wahusika katika kila mstari wa picha. Emuleta zinazoondoa mpaka huo zinaonekana safi, kisha zinaharibu kitu kingine. Katika Castlevania II, mhusika mkuu Simon akiingia kwenye kinamasi, gemu inaweka vipande vitupu ili kuijaza nafasi ile ya nane na miguu yake isichorwe. Ondoa mpaka, na Simon anatembea juu ya tope.

Nilinunua stiki ya HDMI iliyoandikwa 4K, ina padi mbili zisizo na waya na memori kadi ya GB 64. Nikibonyeza kuruka, anaruka baadaye. Muuzaji anataka niongeze pesa anipe "toleo jipya". Nimpe? (Kijana, Mbale)

Usimpe kitu kabla hujajua kuchelewa kunatoka wapi. Na hiyo 4K isikubabaishe: gemu zilizomo zina mistari 224 au 240, na hakuna maandishi ya kwenye boksi yatakayoziongezea.

Kuchelewa kuna vyanzo vinne, na kila kimoja hupimwa peke yake. Tafuta simu inayorekodi video ya polepole ya picha 240 kwa sekunde. Iegemeze ili ione kidole chako na skrini kwa pamoja. Bonyeza kuruka mara kumi huku ukirekodi. Kisha isogeze video picha moja moja, uhesabu kuanzia kitufe kinapozama hadi mhusika anapotikisika. Kila picha ni milisekunde 4.2 hivi. Ukihesabu 30 ni milisekunde 125, sawa na fremu saba na nusu za gemu. Gemu nyingi za Super Nintendo zina fremu mbili au tatu zake zenyewe, hizo hazilaumiwi. Zinazobaki ndizo za kuwinda. Simu yako ikirekodi 120 tu, kila picha ni 8.3, kipimo kitakuwa cha juujuu lakini kitatosha.

Anza na TV, maana mara nyingi mkosaji ni yeye. Kwenye menyu ya picha chagua hali ya gemu, zima kila kitu kinachodai kulainisha mwendo au kuondoa chenga, kisha pima upya. Halafu peleka stiki kwenye monita ya kompyuta, upime tena. Tofauti yote utakayoipata ni ya TV, na hakuna stiki mpya itakayoiponya.

Chanzo cha pili ni padi. Kipokezi chake kikibanwa nyuma ya TV katikati ya vyuma, mawimbi yanakatika na vibonyezo vinapotea au kufika kwa makundi. Kitoe mbele kwa waya mfupi wa kurefusha USB. Ukiweza, chomeka padi ya USB yenye waya mahali pake, upime. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuitia hatiani au kuiachia huru padi ya zamani.

Cha tatu ni umeme. Wengi huchomeka stiki kwenye USB ya TV, ambayo kwa kawaida imepangiwa ampea 0.5, hali stiki inataka hadi ampea 1. Ikikosa, sauti inakatikakatika, gemu zinazubaa, mara inajizima na kuwaka. Tumia chaja ya simu ya volti 5 na ampea 1 au zaidi.

Cha nne ni programu. Stiki nyingi zinatumia RetroArch, programu inayobeba emuleta nyingi pamoja, na kwa Super Nintendo huwekwa emuleta ya zamani iitwayo Snes9x 2005 ili chipu dhaifu iweze kuimudu. Ikiwa menyu imefunguka, jaribu Snes9x 2010 kwanza. Ikienda bila sauti kukatika, ibakishe. Utaona pia chaguo liitwalo Run-Ahead, linaloitanguliza gemu fremu moja ili kuficha kuchelewa kwake. Ni chaguo zuri kwenye kompyuta, lakini linamwongezea prosesa kazi karibu mara mbili, na kwenye stiki yako litaleta kukwama zaidi. Liache limezimwa.

Ukishamaliza, linda hiyo memori kadi. Zinazokuja na stiki hizi mara nyingi ni dhaifu, na ikifa stiki haiwaki tena. Nakili kadi nzima kuwa faili moja kwa Win32 Disk Imager, kisha iandike kwenye kadi mpya. Kosa la kawaida ni kununua nyingine ya GB 64: kadi mbili zenye namba hiyo hazilingani sawasawa, na ya pili ikipungua hata kidogo, kuandika kunakataa mwishoni. Nunua ya 128. Kabla ya kuitumia ijaribu kwa H2testw, kwani kadi feki zinatangaza ukubwa zisizokuwa nao.

Kwenye TV yangu bapa Mario amenenepa. Nifanye nini? (Msomaji, Busia)

TV imeivuta picha ya 4:3 ikajaza skrini ya 16:9. Weka mashine kwenye 4:3, na TV kwenye hali isiyovuta wala kukata. Kwenye skrini ya mistari 1080, picha sahihi ina upana wa 1440, na mistari myeusi pembeni ni haki yake. Kwenye NES Classic kuna hali nyingine inayofanya kila nukta kuwa mraba kamili; ni kali na nzuri, ila watu wanakonda kuliko walivyochorwa.

Nina laptopu ya kazi. Je, inaweza kuishinda mashine ndogo kwa usahihi? (Mwanafunzi, Makerere)

Inaweza, na kwa Super Nintendo jibu letu ni bsnes, iliyoanzishwa mwaka 2004 na mwandishi aliyejulikana kama byuu. Emuleta za haraka huchora mstari mzima wa picha kwa mkupuo mmoja. Bsnes, kwenye hali yake ya usahihi, hufuata nukta kwa nukta. Ndiyo maana kivuli cha ndege katika Air Strike Patrol, ambacho gemu inakichora kwa kubadili mwanga katikati ya mstari, kinaonekana hapo na kinapotea kwingine.

Mfano mgumu zaidi ni Speedy Gonzales: Los Gatos Bandidos. Kwenye hatua ya 6-1 kuna kitufe cha sakafuni. Ukikikanyaga, gemu inaanza kusoma anwani isiyo na kitu chochote, na inasubiri thamani iliyobaki kwenye waya za data ibadilike. Inabadilika pale tu mambo mawili ndani ya mashine yanapokutana kwa wakati halisi. Emuleta nyingi za zamani ziliganda hapo milele, ingawa hatua zote za kabla zilichezeka vizuri kabisa.

Andaa prosesa ya gigahezi 3 hivi, uchomeke chaja, uzime hali ya kuokoa betri. Laptopu ikipunguza kasi ili isipate joto, sauti ndiyo itakayokatika kwanza. Ikifika hapo, rudi kwenye Snes9x mpya.