Rezista ya feni ya W124 imekata? Kabla hujaagiza mpya

Kama una Mercedes W124 na AC inapuliza baridi safi ukiwa mwendo, lakini ukikwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar inaanza kutoa hewa vuguvugu, usikimbilie kujaza gesi. Fungua boneti, washa AC, uzitazame zile feni mbili za umeme zilizo mbele ya kondensa, ile rejeta ya kupoza gesi ya AC. Zikibaki zimetulia, kisha joto la injini likifika kama nyuzi 105 zinaamka kwa kishindo, mshukiwa wa kwanza ni rezista, yaani kizuizi kinachopunguza umeme unaofika kwenye feni.

Feni hizo zina spidi mbili. Ya juu inakula umeme wa betri moja kwa moja, ya chini inapitia rezista iliyofungwa mbele, karibu na taa kubwa ya kushoto. Kuhakikisha ni rahisi: chomoa plagi ya swichi ya presha ya AC inayowasha feni, unganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, washa swichi ya gari. Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ikilia na feni zisizunguke, pima rezista pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa na volti 12 na mwingine sifuri, imekata.

Spea halisi ni ghali mno kwa kitu ambacho kazi yake ni kugeuza umeme kuwa joto tu. Ndiyo maana fundi wengi watakwambia "tupige dairekti", yaani spidi ya chini ife, feni zizunguke kwa nguvu zote kila AC inapowaka. Gari itapoa, sikatai. Ila kelele utaichoka, na kaboni za mota zitaisha mapema.

Wengine hukata kipande cha koili ya jiko la umeme. Hapo kataa kabisa. Koili ya wati 1,000 kwa volti 230 imetengenezwa kupitisha ampea 4 na kidogo. Feni zikivuta 10, waya ule utakuwa mwekundu, tena pembeni ya plastiki. Rezista ya feni ya ndani ya gari nayo haifai: inategemea upepo wa feni yake iipoze, ukiifunga pembeni ya taa inaungua.

Mimi nilifunga rezista za rangi ya dhahabu, zile zenye ganda la alumini na mapezi, zinazopatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki Kariakoo. Nunua mbili za ohm 1, wati 100 kila moja, uziunge sambamba, upate ohm 0.5. Kwa ampea 10 zinashusha volti 5, kwa hiyo feni zinabaki na kama volti 8 au 9, spidi nzuri ya foleni. Joto lote ni wati 50, kila moja inabeba 25. Muuzaji akikupa moja ya wati 50 akisema inatosha, mrudishie. Wati zilizoandikwa ni za rezista iliyobanwa kwenye bati kubwa la kupoza, si inayoning'inia hewani. Zibane kwa bolti kwenye bati la alumini mahali penye upepo, mbali na bampa na mabomba ya plastiki. Miunganisho ibane kwa terminali za chuma, usitegemee solda.

Ipo njia nyingine, nzuri kuliko zote kwa anayejua kuchora saketi: kuziunga feni mbili mfululizo kwa spidi ya chini na sambamba kwa spidi ya juu, kwa kutumia rilei tatu. Toyota nyingi zinafanya hivyo na hazina rezista kabisa. Ubaya wake, mota moja ikifa, kwenye spidi ya chini zote mbili zinasimama.

Kabla ya kufunga chochote, zungusha feni kwa mkono gari ikiwa imezimwa. Ikiwa nzito au inakwama, mota inavuta ampea nyingi na huenda ndiyo iliyoichoma rezista ya kwanza. Shughulikia mota kwanza. Na fyuzi ikikatika baada ya kazi, usiweke kubwa zaidi, tafuta inakokatikia.