Maswali ya Wasomaji: Picha za Reli ya Karanga

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yetu alifanya kazi katika reli ya Mtwara na Nachingwea, akatuachia bahasha yenye picha kumi na tisa. Chache zinaonyesha kichwa cha treni. Nyingi ni mataruma, vichaka na watu nisiowajua. Wajukuu wanataka kuzisambaza, ilhali mjomba anashikilia kwamba zikishatoka nyumbani si zetu tena. Nianzie wapi? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu msomaji, na anzia mgongoni mwa picha. Jina la kituo lililoandikwa kwa penseli au muhuri wa studio huwa na thamani kuliko treni yenyewe, kwa hiyo kila picha ipigwe pande zote mbili, hata kama nyuma pana doa la chai tu.

Reli hiyo haikuishi miaka mingi, na ufupi huo ndio utakaokusaidia. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, na sehemu ya kwanza, kutoka gati ya Mkwaya karibu na Lindi hadi Nachingwea, ilifunguliwa mwaka 1949. Mradi ukaachwa mwaka 1951, baada ya Waingereza kupoteza zaidi ya pauni milioni 36, lakini reli ilikwisha jengwa, ikaendelezwa hadi bandari mpya ya Mtwara mwaka 1954, ikabaki kusafirisha mizigo ya wakulima isiyotosha kuilipa gharama zake, hadi ilipofungwa mwaka 1962 na vyuma vyake kung'olewa. Picha yoyote ya treni ikitembea kwenye njia hiyo, basi, ilipigwa ndani ya miaka hiyo kumi na mitatu hivi. Ukiona behewa lenye herufi TRC, usiandike Nachingwea: hizo ni za shirika lililokuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na huenda baba alikwisha hamishiwa Reli ya Kati.

Zile za mataruma na vichaka, ambazo naona unaziomba radhi, ningezitanguliza. Vichwa vya treni vilipigwa picha na wengi, bali tuta tupu, kalavati, mnara wa maji au genge la wafanyakazi waliokaa juu ya toroli wakila mihogo, havikumvutia mpiga picha aliyepita njia. Mzee anayeijua njia hiyo akionyeshwa tuta na mlima ulio nyuma yake anaweza kukutajia mahali penyewe, kwani sehemu za tuta bado zinaonekana. Andika analosema, pamoja na jina lake akiridhia, na penye shaka weka neno "labda". Maelezo yaliyokisiwa hunakiliwa haraka kuliko picha.

Kuhusu kunakili, skana ya nukta 600 kwa inchi inatosha kwa picha ndogo za kingo zilizochongwachongwa kama zile za miaka ya hamsini. Ukiwa na simu tu, ilaze picha karibu na dirisha pasipofika jua, zima mwanga wa simu, na uishike simu sambamba na meza. Unapoituma kwa WhatsApp, itume kama faili na si kama picha, la sivyo itabanwa hadi herufi za behewa zisisomeke. Iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue. Inakiliwe humo humo.

Mjomba ana hoja, ingawa si yote. Kuwa na picha mkononi si kuwa na hakimiliki yake, ambayo kwa kawaida ni ya mpigaji: ikiwa kamera ilikuwa ya baba na ndiye aliyepiga, haki hiyo hurithiwa nanyi, ikiwa ni studio, itajeni na mtafute ruhusa. Kinachotoka nyumbani kiwe nakala. Mimi niliwahi kuazimisha picha tano za vitoroli vya mkonge kwa maonyesho fulani, zikarudi nne.

SWALI: Binamu yangu amezitia rangi kwa programu picha za tawi la reli la Msagali na Kongwa, zikapendeza sana. Je, tuzitoe hivyo? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Zitoeni pamoja na zile za asili, na muandike wazi kwamba rangi imeongezwa. Programu haijui behewa lilipakwa rangi gani. Hukisia tu, kisha msomaji wa kesho akadhani ndivyo lilivyokuwa. Mikwaruzo nayo muiache, maana nimewahi kuona picha "iliyosafishwa" ambayo waya wa simu uliokuwa kando ya reli umefutwa pamoja na nguzo zake.