Acheni Kuungurumisha Injini Gereji

Injini yangu imefanyiwa ovahoo (imefunguliwa na kutengenezwa upya): pistoni mpya, ringi (pete za pistoni) mpya. Fundi anataka injini iungurume gereji kutwa nzima ndipo izoee. Ni sawa? (Nakuru)

Swali hili tena! Si sawa. Ringi hukazwa ukutani mwa silinda na gesi ya moto inayopenya nyuma yake, na gesi hiyo haina nguvu kama injini haivuti mzigo. Ikiunguruma tu, oili huungulia kwenye mikwaruzo ya honi (kifaa cha kukwaruza ukuta wa silinda, si honi ya kupigia watu), ukuta ukawa laini kama kioo. Hapo utatoa moshi wa samawati na kuongeza oili kila wiki mpaka silinda zipigwe honi upya, kwa pesa zako.

Washa, hakikisha taa ya oili imezima, kagua kama oili au maji yanavuja, injini ipate moto, kisha toka. Gia ya tatu, panda kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, umekanyaga zaidi kidogo ya nusu. Achia mafuta bila kugusa klachi, gari lirudi 50. Rudia mara kumi. Ukiachia, injini hunyonya oili hadi kwenye ringi na kuosha chembe za chuma. Walio Kisumu wana tambarare ya Ahero kwa kazi hii. Wenye matatu Nakuru, msianze kwa kupanda Mau Summit na abiria 14.

Nitie oili ya sinthetiki? (Kisumu)

Hapana. Inateleza mno kwa ringi changa. Tia ya kawaida kwanza.

Oili ya kwanza nimwage kwa kilomita 5,000? (Bungoma)

Umwage kwa 100, pamoja na filta, halafu kwa 800. Pasua filta hiyo ukunjue karatasi yake juani. Unga unaometa ni kawaida. Vipande unavyoweza kushika kwa kucha si kawaida, pitisha sumaku. Visivyonaswa huenda ni vya beringi (vibebeo vya shafti ya injini), kwa hiyo usiwashe tena. Na filta ya bei ya mandazi utaijutia.

Moshi hutoka asubuhi nikiwasha, kisha unaisha. Ringi? (Kakamega)

Hapana, ni sili za valvu (vizibo vinavyozuia oili kuingia silinda). Ringi hutoa moshi ukikanyaga.

Injini imeunganishwa baada ya ovahoo ikakaa miezi miwili bila kuwashwa. Niwashe tu? (Busia)

Oili iliyopakwa kwenye beringi imeshachuruzika. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata sekunde kumi, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe fyuzi.