Jibu: Mlima Elgon peke yako kutoka Kisumu

Dada, umeuliza kama unaweza kwenda Mlima Elgon bila mwenzako. Inawezekana: panda matatu ya Kitale inayopitia Kakamega na Webuye, ulale mjini, kisha asubuhi uelekee Endebess hadi lango la Chorlim. Hifadhini omba askari akusindikize, hasa kwenye pango la Kitum, ambalo ndovu huingia usiku kukwangua kuta wakitafuta chumvi. Kwa kuwa limehusishwa na virusi vya Marburg, vinavyoleta homa hatari ya kutokwa damu, mimi ningetazama kutoka mlangoni tu. Ukipenda utamaduni, nenda Agosti ya mwaka wa shufwa, Wabukusu wanapotahiri vijana wao, ila uwasikilize pia majirani zao Wasabaoti, ambao lugha yao ni ya Kikalenjin. Beba sweta nzito.