Kabla hamjagombea uenyekiti wa ubia wa vyuo

Vyuo vya ufundi vikikaa kuanzisha ubia, ugomvi wa kwanza huwa ni nani awe mwenyekiti. Mnaweza kumaliza asubuhi nzima hapo. Mimi nimekuwa katibu wa ubia wa vyuo vinne huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na kwa niliyoyaona, kiti hicho kina nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wanaoendesha ubia ni wawili: anayeandika muhtasari na anayeshika akaunti. Hao wawili wakitoka chuo kimoja, zungusheni uenyekiti mpaka mchoke, chuo hicho ndicho kitakachowaongoza.

Kwetu mwenyekiti anakaa miaka miwili, anatoka chuo kimoja. Katibu anatoka kingine. Akaunti iko chuo cha tatu, kwa sababu wafadhili wengi wanataka chuo kiongozi kimoja cha kuwatumia hela na kuwajibika nazo, na hilo si vibaya. Kibaya ni chuo kiongozi kugeuka mwajiri wa wenzake. Dawa tuliyoiweka ni nyepesi: hela ya ubia haitoki bila barua ya kamati, na kila mwisho wa mwezi mhasibu anawatumia wakuu wote wa vyuo taarifa ya benki yenyewe, siyo jedwali alilolichapa mwenyewe. Mwanzoni mhasibu alinuna. Siku hizi anatuma hata kabla ya kukumbushwa, kwa kuwa taarifa hiyo imemwondolea maneno ya pembeni.

Sasa kuna jambo ambalo maandiko mengi ya miradi hulipita haraka. Watoa mafunzo hawafanani, hata kama wote wanafundisha useremala na ushonaji. Sisi tulikuwa na chuo cha maendeleo ya wananchi, cha dayosisi, cha mtu binafsi pale Mbeya mjini, na kimoja kidogo upande wa Njombe. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza 1975 na leo viko chini ya Wizara ya Elimu. Mkuu wa chuo hicho akitaka kununua kitu anapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na hesabu zake zinakaguliwa na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Mkuu wa chuo cha dayosisi anasubiri bodi, na bodi inasubiri ratiba ya Baba Askofu. Mwenye chuo chake anapiga simu moja, kazi imekwisha. Waketishe hao meza moja bila kuambiana hayo, na baada ya miezi michache mmoja atasema wenzake wanamchelewesha, wenzake watasema anawaburuza.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora muundo wowote wa uongozi, mwulizeni kila mkuu maswali matatu: jambo gani unaweza kuliamua ukiwa umekaa hapa, lipi lazima ulipeleke nyumbani, na huko linachukua wiki ngapi? Andikeni majibu. Sisi tuliyaweka kwenye ukurasa mmoja unaoambatanishwa na kila ajenda. Yanayohitaji bodi yanatumwa mapema, na kikao hakipotezi muda kumbana mtu atoe jibu asilo na mamlaka nalo.

Na msipokee wawakilishi wa kutumwa tu. Mnamjua huyo: mwalimu mstaarabu, anaandika kila kitu, ukimuuliza msimamo wa chuo chake anasema, "Mimi nimetumwa, mkuu atawajibu." Aje, anywe chai, asikilize, lakini asihesabiwe kwenye akidi. Mkuu asiyeweza kuja mara kwa mara amteue makamu wake kwa barua yenye kusema wazi anaweza kuamua nini.

Niwaeleze kisa cha mashine ya kuranda mbao, maana humo ndimo utaona kila kitu. Hela ya mashine ilipatikana. Ilikubaliwa ikae chuo cha dayosisi karibu na Mafinga, ambako mbao zipo, karakana ina nafasi na umeme wa fezi tatu ulishafika. Mwenzetu wa Mbeya akasema tununue leo leo, muuzaji anamfahamu. Mama mkuu wa chuo cha serikali akavua miwani, akasema kwa upole, "Ndugu zangu, mimi nikiweka saini kwenye kamati ya pamoja ya ununuzi, mkaguzi akija atanikuta mimi, hatawakuta ninyi." Kimya. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa upande wake.

Tulichoamua ni kwamba hakuna kununua kwa pamoja. Chuo kitakachokaa na kitu ndicho kinachokinunua, kwa utaratibu wake, na kitu kinaingia kwenye daftari lake la mali. Wengine wanapewa nakala za risiti na saa za kutumia zilizoandikwa. Hapo tukadhani tumemaliza, kumbe bado visu. Visu vya mashine vinaisha makali, hasa mbao zikiwa na misumari, na kila chuo kiliapa kwamba misumari haikuwa yake. Mwisho tukaweka mchango wa saa: anayetumia analipa kwa saa, fungu hilo linanunua visu na kulipia umeme. Halafu ufunguo. Karakana ilikuwa na ufunguo mmoja kwa mwalimu mmoja, na siku akiwa na msiba, wanafunzi waliosafiri kutoka Makambako wanakaa nje. Ufunguo wa pili ulihitaji azimio la kamati. Mtu atakayekuambia uongozi wa pamoja ni dira na dhamira, mwulize ufunguo wa karakana anao nani.

Kuhusu kura, chuo kimoja kura moja, bila kujali kina wanafunzi wangapi. Vyuo vikubwa havitapenda. Lakini jambo linalogusa hela, watumishi au usajili wa chuo fulani halipiti bila chuo hicho chenyewe kuridhia. Usajili hasa. NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, inasajili chuo, na chuo ndicho kinachojibu kuhusu kozi kinazotoa na wanafunzi wake. Ubia hausajiliwi hapo, na hati ya makubaliano peke yake haiwafanyi kuwa taasisi mpya. Mkitaka ubia wenye jina lake kisheria, kuna njia ya mashirika yasiyo ya kiserikali chini ya sheria ya 2002, au kuandikisha wadhamini kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Ushauri wangu ni kutokimbilia huko. Taasisi mpya ina taarifa zake za mwaka, ukaguzi wake, na kiti kingine cha kugombea.

Mzazi wa mwanafunzi wetu mmoja alilimaliza suala hilo kwa sentensi moja. Kijana alikuwa ameandikishwa chuo kimoja, akaenda kusoma sehemu ya kozi chuo kingine, akajikata kidole. Simu ikapigwa na mwalimu wa chuo cha pili. Mzazi akajibu, "Mwalimu, mimi mtoto nilimwandikisha kwa wale. Ninyi siwajui." Kidole kilipona. Sisi tukaandika: chuo kilichomsajili mwanafunzi ndicho kinachozungumza na mzazi, siku zote, chuo mwenyeji kinampeleka hospitali kwanza, mambo ya gharama yanafuata. Nidhamu vilevile. Chuo mwenyeji kinaweza kumtoa kijana karakanani siku hiyo, ila kumsimamisha masomo ni kazi ya chuo chake.

Kundi la WhatsApp mtakuwa nalo, hamtalikwepa. Litumieni kukumbushana tarehe na kupeana pole. Msiamulie mambo humo. Mtu anaweka dole gumba kuonyesha ameona ujumbe, kesho anaambiwa alikubali bajeti. Na orodha za wanafunzi zenye namba za simu na za kitambulisho cha taifa (NIDA) zisirushwe humo. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, si vizuri.

Mahali pa kukutana pia ni uongozi, ingawa watu hulichukulia kama suala la nauli. Tulipokuwa tunakutana Mbeya kila mara, wenyeji walikuja wamelala vizuri, wengine walikuwa wametoka na basi la alfajiri. Tukahamia Makambako, njia panda ya Iringa, Mbeya na Njombe, kwenye ukumbi wa kukodi. Hakuna mwenyeji hapo. Mnasalimiana kamwene, mnakula wali maharage, saa tisa kila mtu yuko kituoni. Chuo kidogo cha Njombe ndipo kilipoanza kuongea.

Bado kifungu cha kutoka. Watu hawapendi kukiandika siku ya kwanza, wanaona ni kama kutabiri talaka. Kiandikeni siku hiyohiyo, mkiwa bado mnapendana. Chetu kinataka notisi ya miezi sita. Wanafunzi waliokwisha kuanza wanamaliza ngazi yao palepale walipo, kwa ada ileile. Mali inabaki kwa chuo ambacho daftari lake linaionyesha. Fungu la visu linagawanywa kwa saa ambazo kila chuo kimelipia. Na anayetoka anakabidhi mihtasari yote aliyo nayo, pamoja na nywila ya barua pepe ya ubia, kabla ya barua yake kupokelewa.