Ukienda Aswan, usiende mbio

Wengi wanaokwenda Misri huigeuza Aswan kuwa kitanda cha usiku mmoja. Wanashuka kwenye treni, wanalala, saa kumi alfajiri wanapakiwa kwenye basi la kwenda mahekalu ya Abu Simbel, na jioni wameshaondoka. Nami nilipanga vivyo hivyo. Aliyenitia akili ni mama, ambaye magoti yake hayafuati ratiba ya mtu. "Mwanangu, hayo mawe yamekaa miaka elfu tatu, kesho yatakuwapo," aliniambia siku ya kwanza, akaketi kwenye benchi kando ya Nile na hakuinuka mpaka magharibi. Tukakaa siku tano.

Sisi ni watu wa Pangani, kwa hiyo mji wenye mto na usingizi si mgeni kwetu. Aswan iko kusini mwa Misri, kama kilomita 900 kutoka Cairo, na ukitoka kwenye honi za Cairo ukafika pale, ni kama kuna aliyezima redio. Mto umejaa visiwa na majabali ya itale yaliyolainishwa na maji mpaka yanafanana na migongo ya viboko waliozama nusu. Ng'ambo ya magharibi ni mchanga mtupu unaoteremka hadi majini.

Nenda kati ya Novemba na Februari. Miezi ya katikati ya mwaka joto huvuka nyuzi 40, na mahekalu mengi hayana kivuli cha maana. Januari tuliyokwenda sisi, mchana kanga moja ilimtosha mama, lakini alfajiri alishukuru sweta alilonunua Lushoto. Chukua na kadi ya benki, maana madirisha ya tiketi ya mahekalu makubwa siku hizi yanataka kadi. Noti ndogondogo weka kwa ajili ya bahashishi. Ndiyo, neno ni lilelile, na utalisikia kabla hujamaliza kushusha begi.

Tukiwa kwenye maneno: Mswahili akifika sokoni pale ana mtaji ambao mtalii wa Ulaya hana. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, mia, yote ni maneno ya Kiarabu, na muuzaji atakuelewa hata kama matamshi yako ni ya Tanga. Kama ulipita madrasa, utasoma pia bei zilizoandikwa kwa tarakimu zao. Mama alitaka mtandio. Kijana akasema mia na hamsini. Mama akajibu, "Hamsini!" Kijana akacheka, akamwita Hagga, jina la heshima wanalowapa wanawake watu wazima, wakavutana huku na huku. Mimi, mwenye programu ya kutafsiri kwenye simu, nilikuwa mbeba mifuko tu.

Sasa mahekalu. Ukiwa na muda wa moja tu, watu watakwambia Abu Simbel. Mimi nakwambia Philae, hekalu la mungu wa kike Isis, ambalo liko kisiwani, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Lilijengwa kwenye kisiwa kingine. Bwawa la kwanza la Aswan lilipokamilika mwaka 1902, maji yakawa yanalifunika nusu kwa sehemu kubwa ya mwaka, wageni wakipita kwa mashua katikati ya nguzo. Ukitazama nguzo hizo leo utaona mstari wa maji, kama ule unaobaki ukutani baada ya mafuriko. Lilipojengwa Bwawa Kuu, ikabidi hekalu lihamishwe, na miaka ya 1970 likafunguliwa jiwe baada ya jiwe, likapangwa upya kwenye kisiwa jirani cha Agilkia. Kwenye ukuta wake mmoja kuna maandishi ya hieroglifi, yale ya picha ya Misri ya kale, yenye tarehe ya mwisho inayojulikana, 24 Agosti 394. Baada ya hapo hatujui mtu mwingine aliyechonga maandishi hayo na kuyawekea tarehe. Karibu na miungu iliyogongwagongwa nyuso utaona misalaba, kwa sababu Wakristo waliligeuza jengo kuwa kanisa. Mama alipitisha kidole hewani juu ya msalaba mmoja, bila kuugusa, akanyamaza muda mrefu.

Philae ndipo nilipoliwa. Tiketi ya hekalu haihusishi boti, na boti unapatana mwenyewe gatini. Nilipatana, nikajiona mjanja, na wakati wa kurudi nahodha akasema bei ile ilikuwa ya kwenda tu. Ukiwa kisiwani huna pa kukimbilia, nikalipa. Kwa hiyo kabla hujaweka mguu kwenye boti, taja kwa sauti mambo matatu: kwenda, kusubiri, kurudi. Hakikisha bei ni ya boti nzima, si ya kichwa kimoja kimoja. Lipa ukishashuka nchi kavu. Na kama mko wawili tu, ngojeni gatini wageni wengine mchangie. Dakika kumi hazitawaua.

Abu Simbel iko kilomita zipatazo 280 kusini, jangwani, zaidi ya saa tatu za barabara. Ni safari ya kuchosha, na ni kweli inastahili. Sanamu nne za Farao Ramses wa Pili, kila moja kama mita 20, zimekaa zikitazama mashariki. Moja ilivunjika zamani, na kichwa chake kimelala chini mbele ya miguu. Kati ya 1964 na 1968 hekalu zima lilikatwa vipande vipande na kupandishwa mita 65 kukwepa maji ya Ziwa Nasser, lililotokana na lile Bwawa Kuu, na kile kichwa kikawekwa chini tena, pale pale kilipokuwa. Hilo lilinifurahisha kuliko ukubwa wote. Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba jua la asubuhi huingia mpaka chumba cha ndani kabisa na kuangaza sanamu tatu kati ya nne zilizomo humo. Ya nne, ya mungu Ptah, hubaki gizani. Siku hizo umati ni mkubwa mno, na mimi nisingempeleka mzazi. Siku ya kawaida, mabasi hufika kwa mkupuo mmoja na kuondoka kwa mkupuo mmoja. Kaa kwanza kivulini, wapishe, halafu ingia.

Kaskazini mwa mji, Edfu ni hekalu zima kabisa, limehifadhiwa vizuri, nenda kama una nafasi. Kom Ombo ni karibu zaidi, na hekalu lake ni la miungu wawili, kila mmoja na mlango wake. Mmojawao ni Sobek, mwenye kichwa cha mamba. Kando yake kuna jumba la makumbusho lenye mamba waliokaushwa na kufungwa vitambaa, wakubwa kwa wadogo. Mama, aliyekulia kando ya mto wenye mamba, aliwatazama mmoja mmoja. "Kwetu anakula mbuzi wa watu," akasema, "hawa wakamvika sanda."

Saa za mchana, rudi mjini ulale. Jioni ni ya mashua. Faluka zao zina tanga la pembetatu na foromali ndefu, ukizitazama kwa mbali ni binamu za majahazi yetu. Mto unakwenda kaskazini na upepo unatoka kaskazini, kwa hiyo kwenda juu unatweka tanga, kurudi unalishusha na kuachia mkondo. Mama ni binti wa nahodha. Alikaa kimya kama nusu saa akiangalia tanga, ndipo akaniuliza, "Kusi huvuma lini hapa?" Nikamuuliza kijana wa mashua kwa ishara na vipande vya Kiarabu. Akaonyesha kaskazini. Mama akatikisa kichwa: kaskazi mwaka mzima, raha iliyoje.

Ukiwa majini utaona kwenye kilima cha magharibi kaburi la Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, yule aliyepimwa uzito kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Mjukuu wake, Aga Khan wa Nne, naye alizikwa Aswan Februari 2025. Wengi wetu tumelala kwenye hospitali zenye jina hilo bila kujua wenyewe wamepumzika wapi.

Tenga asubuhi moja kwa kisiwa cha Elephantine. Kivuko cha wenyeji ni cha dakika chache, na humo mna vijiji vya Wanubi, wenyeji wa asili wa upande huu wa Nile, na vichochoro vyembamba ambavyo mtu wa Lamu angevipita akiwa amefumba macho. Kijiji cha Gharb Soheil ndicho kinachouzwa zaidi, chenye ngamia na rangi za kupigia picha. Kwangu kilikuwa soko. Elephantine mama mmoja alitukaribisha karkade, ambayo sisi tunaiita rozela au choya, akatuonyesha upande wa kusini kwa mkono. Kijiji cha wazee wake kiko chini ya Ziwa Nasser. Mahekalu yalipata wafadhili wa dunia nzima wa kuyainua, vijiji havikupata. Kwa ndugu zangu wa Nairobi: hawa si Wanubi wa Kibera, ambao wazee wao walitoka Sudan kama askari wa Mwingereza. Kinubi cha Kibera kimetokana na Kiarabu, na nyumbani kwa yule mama wanazungumza lugha nyingine kabisa.

Machimbo ya itale, penye mnara wa jiwe moja wa mita 42 uliopata ufa ukaachwa bila kumalizika, tulikuwa tumeyapangia siku ya mwisho. Hatukwenda. Mama alikuwa amerudi kwenye benchi lake, na safari hii alikuwa na mfuko wa karanga na mwenzake wa kukaa naye, bibi mmoja wa pale. Hakuna aliyejua lugha ya mwenziwe, na walikuwa wakicheka.